Mtu wa Kutupiwa Kifo

Mwanamke alimwuliza Onesmus maswali matatu tu, naye akayajibu yote kwa kweli, maana hakuona sababu ya kudanganya.

"Wewe ni mtu wa huku?"

"Hapana. Kwetu ni Kibwezi. Nafanya kazi Diani, hotelini."

"Una ndugu huku? Shemeji? Rafiki unayelala kwake?"

"Sina mtu."

"Utakuja tena?"

"Nije kufanya nini? Nilitumwa mbuzi wa sherehe ya wafanyakazi, na mbuzi wenyewe wa leo ni mifupa mitupu."

Mwanamke hakucheka. Ilikuwa saa saba mchana, Jumanne ya mnada wa mifugo, nje kidogo ya Kinango, na gari la kurudi Ukunda lilikuwa halijajaa. Onesmus alikuwa amekwenda kujisaidia upande wa mto mkavu. Aliporudi alimkuta amesimama katikati ya njia, mwembamba, wa miaka kama ishirini na mitano, ananuka moshi wa kuni. "Nifuate," akasema, akageuka, akashika njia ya vichakani.

Mwanamume wa miaka arobaini na mbili, aliyeachana na mkewe miaka sita iliyopita, akiambiwa nifuate na mwanamke kijana, yeye hana maswali matatu ya kuuliza. Hana hata moja. Onesmus alimfuata.

Mambo yalikwisha upesi. Mwanamke hakutaja jina wala hakutaka kuambiwa jina. Alikaza meno kama mtu anayechomwa sindano. Kitu kimoja tu Onesmus alikiona na kikamkaa: mbele ya blauzi yake palikuwa na mabaka mawili yaliyolowa maziwa. Alipoona anatazamwa akajifunika kanga, akaondoka kwa haraka kama aliyeacha chungu motoni, bila kuaga.

Onesmus alikuwa dobi. Mashine ya kukaushia nguo pale hotelini ilikuwa imekufa tangu Januari, kwa hiyo mashuka yalianikwa nyuma ya jengo kwenye kamba kumi, meupe mpaka macho yanauma. Hapo ndipo alipoisimulia habari yake siku ya Alhamisi, akijigamba kidogo. Waliomsikiliza walikuwa wawili: Maxwell, mpiga pasi, kijana wa Kakamega mwenye mdomo usiopumzika, na Mwero, mtunza bustani, Mduruma mtu mzima wa huko Kinango, aliyekuja kuchota maji ya kunywa.

"Buda, wacha hizo," Maxwell akasema. "Msupa akufuate wewe? Na hiyo kipara? Alikuwa anataka fare."

"Hakuniomba hata shilingi."

"Basi alikuwa jini. Uli-check miguu? Next time check miguu kwanza, halafu ndio uvue shati."

Mwero hakucheka. Alikiweka kikombe chini. "Alikuuliza kama una ndugu kule?"

"Aliniuliza."

"Na kama utarudi?"

"Umejuaje?"

Mwero akafuta mikono kwenye suruali, akatazama mashuka. "Ndugu yangu, yule amefiwa na mume. Umetupiwa kifo."

Aliwaeleza polepole, kama mtu asiyependa kuanika mambo ya nyumbani kwao. Kwa wazee wake, mume akifa, kifo chake hubaki kimemganda mjane. Akipika, kimo. Akibeba mtoto, kimo. Hawezi kuolewa wala kuendelea na maisha mpaka akakitupe, na hakitupwi shimoni. Hutupwa kwa mwanamume wa mbali, asiyejua kitu, ambaye hatarudi. "Siku hizi wengi wameacha," Mwero akasema. "Wengine kwa sababu ya dini, wengine kwa kuogopa magonjwa. Lakini zipo nyumba ambazo mama mkwe bado anasema nenda, na mtu anakwenda."

"Na yule mwanamume inakuwaje?" Onesmus akauliza.

Mwero akafikiri. "Hakuna aliyewahi kuuliza," akasema. "Ndiyo maana anatafutwa wa mbali."

Jumamosi Onesmus akaamka na homa.

Haikuwa homa ya mchezo. Mifupa ilimuuma kama aliyepigwa marungu, koo likavimba akashindwa kumeza mate, shuka lake likalowa jasho hadi godoro. Siku ya tatu vikamtoka vipele vyekundu kifuani na mgongoni, visivyowasha. Chini ya taya, kwapani na kwenye kinena, tezi zikavimba kama kokwa za ukwaju. Muuza dawa wa Ukunda alimpima malaria, hakuna. Akasema labda ni dengi, maana imezagaa, akampa vidonge vya maumivu. Onesmus akavimeza huku akijua havitafanya kitu. Muuza dawa angejuaje? Hakuwa amemweleza habari ya mnada.

Alirudi kazini na homa yake, maana dobi asiyefua hatakiwi. Hapo ndipo alipoanza kuiona miguu.

Alikuwa anaanua mashuka, jua la saa sita limesimama utosini. Akainama kuokota kibanio, na chini ya mashuka ya kamba ya nne akaiona miguu miwili ya mwanamume, imesimama imemwelekea. Miguu mikavu yenye vumbi, ndani ya ndara za mpira wa gari. "Nani huyo?" akauliza. Akalifungua shuka. Hapakuwa na mtu. Akainama tena, miguu ikawa kamba ya tano.

Siku tatu mfululizo iliendelea hivyo. Haikusogea ikitazamwa. Ilisogea akipepesa jicho. Haikumfukuza wala kumkanyaga, ilisimama tu kama mtu aliyefika kwa mwenyeji akangoja kukaribishwa. Siku ya tatu ikawa kamba ya kwanza, na kati yake na Onesmus likabaki shuka moja la kitanda cha watu wawili, linapumua kwa upepo. Akaliona likichomoza mahali pa goti. Akaacha beseni palepale, akakimbia mpaka kwenye maua, akamshika Mwero mkono.

"Nipeleke kwa mtu," akasema. "Amekuja kuchukua chake."

Mwero alimpeleka kwa mganga aitwaye Tsofa, bara ya Msambweni. Onesmus alitarajia mzee wa mashanga na ngozi. Akamkuta mwanamume wa miaka hamsini, miwani puani, fulana ya mpira wa miguu mwilini, anazungumza na simu.

"Shikamoo, baba," Onesmus akasema.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Mwero ameshanieleza. Umekula?"

Alimwogesha maji ya vuo, yale yaliyochemshiwa majani machungu na kupozwa, asubuhi na jioni kwa siku tatu. Akamfukiza ubani, akachinja kuku mweusi, akaita jina asilolijua mtu, akamwambia marehemu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwongoza mgeni aliyepotea mtaa, kwamba huyu si wake, aende zake. Siku ya pili homa ikapungua. Siku ya tatu Onesmus akala ugali sahani nzima. Vipele vikafifia, koo likafunguka.

Asubuhi ya kuondoka Tsofa alimpapasa shingo na kwapa, akakunja uso.

"Marehemu nimemwondoa," akasema. "Lakini tezi hizi si kazi yangu. Nenda hospitali ukapimwe damu."

"Baba, si nimepona?"

"Umepona homa. Mimi nimesema damu. Hata waganga tulikaa semina ya afya, usinitazame hivyo. Nenda."

Onesmus akamshukuru, akamwahidi, akapanda pikipiki, na alipofika barabara ya lami alikuwa ameshasahau. Nani anakwenda hospitali akiwa mzima? Nguvu zilirudi zote. Kwenye kamba za mashuka alipita akiinama kwa makusudi, akatazama kuanzia kamba ya kwanza mpaka ya kumi, na chini yake palikuwa mchanga mtupu. Akawa anapiga mluzi. Alimnunulia Mwero kilo mbili za nyama. Wiki tano alikaa hivyo, na ukimwuliza leo atakuambia kwamba wiki hizo tano ndizo zinazomtisha kuliko ile miguu, kwa sababu hakuona kitu.

Kilichomtoa huko ni wembe. Kila alipojinyoa, wembe ulipanda juu ya kitu chini ya taya, ukashuka. Homa ilikuwa imekwenda, vipele vimekwenda, marehemu amekwenda, tezi zimebaki. Siku moja alikaa mbele ya kioo, povu limemkaukia shavuni, kidole kimegusa pale, akaikumbuka sauti ya Tsofa ikisema damu. Akaomba ruhusa, akaenda hospitali ya rufaa, Msambweni.

Mshauri aliyempokea aliitwa Fridah, mwanamke wa makamo, sauti ya chini, asiyezungukazunguka. Alimtoboa kidole, akapima, akapima tena kwa kipimo cha aina nyingine, na cha tatu. Kisha akamgeukia.

"Baba, virusi vya Ukimwi vimo."

Onesmus alishangaa kwamba hakushangaa. "Najua vilikotoka," akasema, akamwaga yote: mnada, mto mkavu, mjane, homa, miguu. Fridah alisikiliza bila kumkatiza hata kwenye miguu. Kisha akaishusha kalenda ukutani, akaiweka mezani.

"Mnada ulikuwa siku gani?"

"Jumanne hii."

"Homa?"

"Jumamosi hii."

"Siku nne." Fridah akatikisa kichwa. "Si yeye. Virusi hivi vikiingia, kwanza vinajipenyeza kwenye chembe za damu zinazoulinda mwili, vinazaliana humo kimyakimya. Kwa kawaida wiki mbili mpaka nne ndipo mwili unaposhtuka. Ndiyo ile homa, koo, vipele, tezi. Watu wanadhani ni malaria, ni dengi, ni mafua. Wengine hawapati dalili kabisa. Na hata usipomeza kitu, homa hiyo inaondoka yenyewe. Virusi haviondoki."

"Mganga aliitoa."

"Ingetoka hata ungeoga maji ya bomba. Sasa niambie, wiki mbili au tatu kabla ya Jumanne hii ulikuwa na nani?"

Onesmus akaitazama kalenda muda mrefu. Alikuwa na Dolphine, wa baa moja pale Ukunda, mara mbili, kabla hajahamia Malindi. Msichana mcheshi, alimkatia embe akamlisha. Katika kutafuta kifo chake kilikotoka hakumkumbuka hata mara moja, kwa sababu Dolphine hakumwogopesha.

"Huyo tutampigia, naye pengine hajui," Fridah akasema akiandika. "Hatutataja jina lako."

"Kwa hiyo yule mjane hakunipa kitu." Onesmus alihisi kama mzigo umeteremshwa. "Kumbe nimemsingizia bure."

Fridah akaiweka kalamu chini. "Baba, nisikilize vizuri. Zile siku za kuelekea homa ndizo mbaya kuliko zote. Mtu anajiona mzima, na ndani virusi vinapanda kama maziwa jikoni. Ukilala na mtu siku hizo, ni rahisi sana kumwambukiza. Yule mama hakukutupia kitu. Ila wewe huenda umempa."

Feni ilizunguka juu ya vichwa vyao. Nje mtu aliita namba ya mgonjwa.

"Jina lake nani?"

"Simjui."

"Alama yoyote? Kitu chochote ulichokiona?"

"Blauzi yake," Onesmus akasema. "Ililowa maziwa."

Fridah alinyanyua uso, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikabadilika. "Ananyonyesha? Mbona hukusema? Mama akiambukizwa wakati ananyonyesha, maziwa ya wiki zile yana hatari kubwa kwa mtoto. Lakini akijulikana, mama anaanza dawa siku hiyohiyo, mtoto anapewa dawa yake ya maji, na ataendelea kunyonya salama. Tunao wengi hapa, watoto wao wazima. Lakini lazima ajue, baba. Zimepita wiki saba. Mtoto ananyonya mara ngapi kwa siku?"

Onesmus alipewa dawa zake, akaelezwa namna ya kuzimeza na kwamba akizimeza sawasawa ataishi, na atafika mahali ambapo hataweza kumwambukiza mtu kwa njia ile. Alisikia nusu. Swali la mwisho la Fridah lilipanda naye gari, likashuka naye Ukunda, likalala naye.

Miguu haikurudi. Kilichokuja kilikuwa sauti. Mashine kubwa ya kufulia, ilipomaliza mzunguko na kuanza kufyonza maji, ilitoa mlio ambao alikuwa ameusikia miaka yote bila kuusikia. Sasa aliutambua. Ulikuwa mlio wa mtoto anayenyonya: anavuta, anameza, anapumua kwa pua, anavuta. Mashine ilifyonza mara ishirini kwa siku. Onesmus aliweka vitambaa masikioni, akausikia kwenye mfereji. Maxwell alimwuliza, "Brathe, uko sawa? Unaongea na mashine ama?" 

Siku ya nne akamwendea Mwero kwenye maua.

"Nitajie nyumba ya yule mwanamke. Kule mnajuana. Mume amekufa si zamani, mke ana mtoto mchanga. Huwezi kukosa kujua."

"Najua tangu siku ile," Mwero akasema. "Sisemi. Kifo kikishatupwa, aliyetupiwa akirudi amekirudisha. Watafiwa tena. Na huanzia kwa mdogo."

"Ni huyo mdogo ninayemfuata." Onesmus akatazama huku na huku, akasema kwa sauti ya chini, "Mwero, nina virusi. Nilikuwa navyo siku ile kabla ya kukutana naye. Wanasema ananyonyesha kitu nilichompa mimi."

Mwero alisimama na mpira wa maji mkononi, maji yakamwagika mahali pamoja mpaka mizizi ya ua ikaonekana. Alikuwa mtu wa sala na mtu wa mila, na yote mawili yalionekana yakigombana usoni mwake.

"Alikuwa mchimba visima," hatimaye akasema. "Kisima kilimfukia Februari. Ukifika kwenye mnada, panda na njia ya zahanati, upite, uulize kwa Jefwa. Huyo ni ndugu wa marehemu. Mwanamke anaitwa Jemima. Na mimi hukuniona."

"Ningeweza kumwachia nesi wa hospitali jina, wamwite wao."

"Wakimwita hospitali, mama mkwe atamkataza. Amefiwa, amekitupa, anaitiwa nini? Hatakwenda." Mwero akafunga maji. "Atamsikiliza mtu mmoja tu, yule ambaye hatakiwi kumwona."

Jumatatu, siku yake ya mapumziko, Onesmus akafika. Jefwa alikuwa anapasua kuni, kijana mchangamfu, akamkaribisha maji kabla ya kumwuliza shida.

"Natafuta mbuzi," Onesmus akasema.

"Mbuzi tunao, ndugu yangu. Wa maziwa au wa kuchinja?"

"Wa kuchinja."

"Hapo umefika. Njoo uwaone, usinunue kwa maneno."

Walikuwa kwenye zizi wakati Jemima alipotokea na dumu la maji kichwani, mtoto mgongoni. Alimwona. Dumu halikuanguka. Alilishusha taratibu, akalifunga kifuniko, akasema kwa sauti ya kawaida, "Shemeji, mama anakuita ndani." Jefwa akaenda. Yeye akazunguka nyuma ya zizi, akasimama akiwa amempa mgongo, ukuta wa fito kati yao. Mtoto aligeuza kichwa, akamtazama Onesmus kupitia nafasi za fito. Alikuwa wa miezi saba hivi, mashavu yamejaa, kidole mdomoni.

"Uliniambia hutakuja."

"Nisamehe. Nina neno moja."

"Sema upesi uondoke. Mama akijua wewe ni nani, hapa hapatalalika."

Akamwambia. Alikuwa ameyapanga maneno garini, yote yakapotea, akayasema makavu: mimi ninavyo, nilikuwa navyo siku ile na sijui, huenda nimekupa, mtoto ananyonya. Mgongo wa Jemima haukutikisika.

"Wiki zile baada ya mnada," Onesmus akauliza, "ulipata homa?"

 Ndani ya nyumba mwanamke mzee alisikika akimwambia Jefwa kwamba hakumwita, ila maadamu amekuja amfungie mzigo wa mahindi.

"Nilipata," Jemima akasema. "Koo lilifunga, nikatoka vipele mwili mzima. Mama alifurahi. Aliniambia, mwanangu, vumilia, ndiyo kifo kinatoka hicho. Nilimnyonyesha huyu siku zote zile, jasho linamdondokea." Akapumua. "Kumbe nilikwenda kutupa, nikarudi nimebeba."

"Hatujui mpaka upimwe."

"Mume wangu ndiye aliyekutuma?"

"Alinijia," Onesmus akasema, maana hakuweza kumficha kitu tena. "Niliiona miguu yake kwenye mashuka. Alivaa ndara za mpira wa gari."

"Mume wangu hakuwa na ndara. Alikuwa mtu wa visima, alivaa gambuti mpaka siku alipofukiwa. Walimtoa nazo."

"Basi yule alikuwa nani?"

"Nitawajuaje wafu wako?"

Hilo lilimpata Onesmus pabaya: kifo alichokuwa akikikimbia kilikuwa chake tangu mwanzo. Jemima alikuwa ameshamteremsha mtoto mgongoni, akamfunga upande wa mbele. "Zahanati iko wazi leo," akasema. "Nitamwambia mama mtoto ana kifua. Tangulia. Wakikuona nyuma yangu wataniuliza."

Alitangulia, na baada ya kitambo akasikia hatua za Jemima nyuma yake. Njia ilikuwa ya nusu saa, vumbi jekundu na miiba, jua halina mahali pa kukwepwa. Hawakufika mbali mtoto akaanza kulia. Kwanza kwa kudeka, kisha kwa njaa, kisha kwa hasira ya mtu aliyekosewa.

"Mpe anyonye," Onesmus akasema bila kugeuka. "Wamesema dawa ipo, hata ikiwa vimo ataendelea kunyonya."

"Waliosema hawapo hapa. Tembea."

Akatembea. Kilio kilimfuata hatua kwa hatua, kikapanda, kikakwama, kikaanza upya. Alijua kwamba kwa miaka yote iliyobaki hakuna miguu ya maiti itakayomtisha tena baada ya hii nusu saa.

Zahanati ilikuwa vyumba viwili na benchi. Jemima aliingia na mtoto, mlango ukafungwa. Onesmus akakaa. Akasikia sauti ya nesi, chini, kwa muda mrefu. Akasikia kimya. Akasikia mtoto akipiga yowe moja kali, la maumivu safari hii, kisha sauti ya nesi ikibembeleza. Halafu, polepole, pakatulia kabisa, na ule utulivu aliutambua: mtoto alikuwa anavuta, anameza, anapumua kwa pua.

Alipotoka, Jemima alikaa upande wa pili wa benchi, mtoto kalala begani, kisigino kimebandikwa kipande cha pamba. Mkononi alikuwa na kadi na chupa ndogo ya dawa ya maji. Aliiweka chupa juu ya benchi kati yao. Onesmus aliitazama, na hakuwa na haja ya kuuliza majibu ya Jemima mwenyewe.

"Damu yake wameichukua kisiginoni," Jemima akasema. "Inapelekwa mbali. Mimi nimeshameza kidonge changu, mbele ya nesi. Majibu ya huyu ni tarehe kumi na nane."

"Jemima..."

"Usiniite jina." Akaichukua chupa, akaifunga kwenye ncha ya kanga, akainuka. "Tarehe kumi na nane utakuja. Sikuombi. Uje mapema, ukae hapo ulipokaa. Jibu likiwa jema au baya, sitalisikia peke yangu."

Akaondoka na njia ya kwao. Siku hiyo ilikuwa tarehe tatu. Onesmus alibaki kwenye benchi, mikono magotini, mpaka nesi alipotoka na kufuli akamwambia baba, tumefunga.